Halua ya Wete, ndimu ya uani na kidonge chenye shombo

Niseme mapema kwamba halua hii sikuinunua kwa ajili ya kahawa, kwa hiyo anayetaka kujua kama inafaa kupelekwa mahari au kuwekwa mbele ya wageni wa Idi, maoni yangu yatamsaidia kidogo tu. Mimi nimeipima kwa kazi moja: kumpitishia mtoto dawa chungu kooni bila ya nyumba nzima kulia.

Kazi yangu ni kukaanga samaki. Meza yangu iko Chake Chake, Pemba, naitandika baada ya alasiri: changu, vibua, ngisi, na siku papa akipatikana nafanya mchuzi wake. Mambo ya harufu mbaya na namna ya kuiondoa sikufundishwa chuoni, lakini ndiyo yanayonilisha. Mteja akisikia shombo kwenye sahani harudi tena, na wala hakwambii kwa nini. Nilidhani ninajua kila hila. Kumbe nilikuwa najua za samaki tu.

Mwezi wa Mfunguo Pili mjukuu wangu, miaka minne, aliharisha siku tatu na siku ya tatu tukaona damu. Tukampeleka kituo cha afya, sitasema kipi. Wakampima, wakaandika metronidazoli, ile ambayo sisi sote tunaiita Flagyl. Dawa ya maji imekwisha, tukapewa vidonge, tukate na tusage. "Mchanganyieni na kitu kitamu," muuguzi akasema, kisha akaita namba inayofuata. Kitamu gani, kiasi gani, hakuna aliyetwambia.

Nikafika nyumbani nikalamba ule unga kwa ncha ya ulimi. Usifanye. Kwanza uchungu unaopanda mpaka masikioni, halafu ukiondoka unaacha ladha ya chuma, kama umelamba msumari wa jahazi. Watu husema chungu kama shubiri. Shubiri mie naijua, niliipaka kifuani kumwachisha ziwa mama yake huyu huyu mtoto, na nakwambia bora shubiri.

Jaribio la mwanzo lilikuwa uji wa mchele, bakuli zima, sukari tele. Akanywa vijiko viwili, akaniangalia, akafunga mdomo kama chaza. Sasa hesabu: nusu ya dawa iko tumboni? Robo? Nimwongeze nyingine au nitamzidishia? Hapo ndipo nilipojifunza kwamba dawa haichanganywi kwenye chakula kingi, inachanganywa kwenye tonge moja ambalo una hakika litamalizika. La pili nililojifunza lilinigharimu zaidi: usitumie chakula anachokipenda na anachokula kila siku. Mpaka leo yule mtoto akiuona uji anaunusa kwanza, kama karani wa forodha.

Asali nikaijaribu, asali nzuri ya nyuki wadogo, aliniletea shemegi yangu. Kwa kazi hii haifai. Ni nyepesi, inateleza na kuondoka, unga wa dawa unabaki peke yake juu ya ulimi. (Na mwenye mtoto asiyetimia mwaka asimpe asali hata kidogo, iwe na dawa au bila ya dawa, inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo.) Ndizi ya kipukusa iliyopondwa ilikuwa afadhali, lakini uchungu ulichungulia.

Siku ya pili jirani kulikuwa na maulidi, ikaletwa sahani ya halua iliyofunikwa kwa kawa. Mtoto akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha wangu kwenye karatasi ya dawa.

Halua yenyewe, nilipouliza, imetoka Wete, kwa mzee anayepika mwenyewe nyuma ya nyumba yake. Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa. Kesho yake nikapanda gari ya Wete nikanunua nusu kilo kwa shilingi 5,000, imefungwa kwenye kikapu cha ukili. Nilimkuta jikoni, sufuria ya shaba juu ya moto wa kuni, vijana wawili wanapokezana mwiko, jasho mpaka kwenye vidole vya miguu. Sukari, wanga, samli, hiliki, kungumanga, zafarani kwa rangi. Nikamwomba isiyo na lozi. Akanitazama kama niliyemwomba pilau bila ya mchele. "Isiyo na lozi ya nini, binti?" Nikamwambia ya dawa. Akacheka, akanikatia upande wa ukingoni, ambako lozi hazikufika, akaongeza na kipande kidogo.

Lozi zina kisa chake. Mtoto akikuta lozi anatafuna, na akitafuna umekwisha, unga wote umemwagika mdomoni. Halua tupu inamezwa.

Ninavyofanya ni hivi. Nachukua tonge dogo, kama haragwe. Nalibonyeza katikati kwa kidole mpaka lipate kishimo. Natia unga wa dawa, nafunika kwa kipande kingine chembamba, nabana kingo, kisha nalipitisha kwenye samli ili liteleze. Halua iwe ya joto la kawaida. Iliyotoka kwenye friji inakuwa ngumu na inapasuka ukiibana. Kabla ya kumpa namnywesha funda la maji baridi sana, kwa sababu ulimi uliopoa hausikii sana. Bismillahi, mdomoni, funda jingine la maji. Mara ya kwanza alimeza, akakaa kimya, akasema, "Bibi, nyingine."

Nilitaka kujua kwa nini halua imeweza pale asali iliposhindwa, na kwa bahati pale duka la dawa ninaponunua vidonge vya mama kuna kijana mmoja mfamasia hachoki kuulizwa. Akaniambia ulimi hauonji kitu kikavu, unaonja kilichoyeyuka kwenye mate. Samli na wanga vinauzunguka unga, mate hayaufikii, unapita kama abiria aliyejifunika shuka. Halafu hiliki na kungumanga zinapanda kwa nyuma ya koo mpaka puani, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hukaa puani, si ulimini. Ndiyo maana bibi yangu alikuwa akitubana pua akitunywesha mafuta ya nyonyo, na nilidhani ni ukatili wake tu.

Jambo jingine alilonieleza lilinikaa: kwa utamu ulimi wa mtu una kipokezi cha aina moja, lakini kwa uchungu una aina kama 25. Sumu nyingi za porini ni chungu, kwa hiyo mwili umeweka walinzi wengi kwenye mlango huo. Na watoto wanausikia uchungu kuliko sisi. Basi mtoto anayetema dawa si mtundu, walinzi wake wako macho.

Siku ya nne kijana yule akanipigia simu, dawa ya maji imefika. Nikaionja: karibu haina kitu, utamu wa machungwa na chokaa kidogo. Nikamuuliza kama ni dawa ile ile au ni sharubati. Ni ile ile, akasema, lakini imeunganishwa na kitu kingine, inaitwa metronidazoli benzoati, na ikiwa hivyo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Haiyeyuki, basi ulimi hauioni. Ikifika ndani mwili ndio unaoitenganisha. Hii hutolewa kabla ya kula, akanisisitiza, tofauti na vidonge ambavyo ni bora viende na chakula. Kwa hiyo halua ikastaafu kwa heshima, baada ya siku mbili za kazi. Mtoto hakufurahi.

Sasa nije kwa mama.

Mama yangu ana sukari, anameza metformini asubuhi na jioni. Alianza vizuri. Kisha tulipofungua kopo jipya akakataa. "Hichi kidonge kimelala na vibua?" Nikamwambia mama, hizo ni pua zako tu, nyumba hii nzima inanuka samaki kwa ajili ya kazi yangu. Akanisogezea kopo. Nikanusa. Wallahi, shombo. Siyo samaki wa leo, samaki wa juzi aliyesahauliwa chini ya bao la mtumbwi. "Mwanangu," akasema, "mie dawa siikatai. Nakataa samaki mbovu."

Nikalipeleka kopo dukani nikiwa na hasira, nikijua nimeuziwa kitu kilichoharibika. Kijana wala hakushtuka. Tarehe nzuri, dawa nzuri. Harufu hii inajulikana duniani. Mwaka 2010 wafamasia wa Marekani waliandika kwenye jarida la madaktari, Annals of Internal Medicine, kuhusu wagonjwa walioacha metformini kwa sababu inanuka samaki waliokufa. Na asili yake si mbali na meza yangu. Metformini hutengenezwa kutokana na kitu kiitwacho dimethilamini. Samaki naye akishakufa, vijidudu hubadilisha kitu kilichomo kwenye nyama yake kikawa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo. Ndugu wa tumbo moja. Ukoo wao wote unaitwa amini, jina zuri kwa vitu visivyoaminika.

Hapo kichwa kikanifunguka. Maana shombo ya samaki mie naiua kila siku, na silaha yangu ni ndimu.

Ndimu haifichi harufu. Thomu inaficha, tangawizi inaficha, bizari inaficha, na ukimkosea samaki, mchuzi ukipoa shombo inachungulia chini yake. Ndimu inafanya kazi nyingine. Uchachu wake unaikamata ile amini na kuigeuza chumvi isiyoruka hewani, na kisichoruka hakifiki puani. Papa na taa wana la zaidi: mwilini mwao mna urea, ile ile ya kwenye mkojo, na nyama ikilala urea inageuka amonia. Ndiyo maana papa wa siku mbili anachoma macho. Yeye namlaza kwenye ndimu na chumvi, namwosha, narudia, na mchuzi naupika kwa ukwaju. Mpishi anayemtupia papa pilipili nyingi ili wateja wasisikie harufu, huyo anafunika shimo kwa mkeka.

Lakini kidonge hukilazi kwenye ndimu. Kwa mama tumefanya hivi: kopo nalifungua mimi, jikoni, si mbele yake, kwa sababu harufu hutoka kwa wingi kopo linapofunguliwa. Kidonge anakimeza katikati ya chakula, si mwanzo wala mwisho, na hilo linamsaidia na kichefuchefu pia. Maji ya kumezea yako baridi, kwenye bilauri yenye kipande cha ndimu ukingoni, akiinua bilauri pua inakutana na ndimu kwanza. Ndimu natoa uani, haina bei, na kwa kazi hii naipa nyota tano bila ya kufikiri. Mwezi uliofuata daktari wake akambadilishia vidonge vya kuachia dawa polepole, vyenye ganda la nje. Harufu yake ni ndogo mno. Hivyo havisagwi wala havitafunwi. Ukivivunja dawa ya saa nyingi inaingia mara moja. Ninaandika hivyo kwa sababu najua baada ya kusoma habari ya tonge la halua kuna mtu atachukua kinu na kusaga kila kidonge kilichomo ndani ya nyumba. Muulize mfamasia kwanza.

Na umuulize pia unachomezea. Siku nyingine nilitaka kumpa mama juisi ya balungi badala ya maji, maana uchungu wa balungi unafunika kila kitu. Kijana alinizuia kama polisi wa barabarani: balungi linagongana na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, dawa inapanda kwenye damu kupita kiasi. Maziwa nayo yanazishika siprofloksasini na doksisaiklini, dawa za kuua vijidudu, zisiingie mwilini inavyotakiwa. Kwa hiyo kifuniko kizuri kwa ulimi kinaweza kuwa kibaya kwa dawa.

Nilijaribu na karafuu, madhali niko Pemba na ingekuwa aibu nisijaribu. Wakati wa msimu majamvi yameanikwa kila uwanja na mji wote unanukia. Ukiwa na karafuu ya nini tena kutafuta dawa ya harufu? Nikatafuna punje moja kabla ya kulamba unga wa Flagyl, kwa ajili ya elimu. Ncha ya ulimi ikafa ganzi kweli. Ni ile yujenoli iliyomo ndani, ndiyo hiyo hiyo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Lakini uchungu ulipita pembeni ukaenda kunisubiri nyuma ya ulimi, kwenye koo, ambako karafuu haikufika. Kwa mtu mzima, nyota mbili. Kwa mtoto haifai kabisa, itamuwasha. Na mafuta ya karafuu, yale yanayotolewa kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, msimtilie mtoto mdomoni hata tone. Yakimezwa yanaumiza ini. Mie nayatumia kwenye kitambaa cha kufutia meza, mwisho wa kazi, na hapo hayana mpinzani.

Ubuyu wa rangi nyekundu tunaowanunulia watoto njiani, huo usiutie dawa, uweke uwe wa kufukuzia ladha. Punje tatu baada ya kumeza, uchachu na sukari vinasafisha kinywa. Kasoro yake ni kwamba mtoto akitapika huwezi kujua kama ni rangi au ni damu, na mie nilikimbia mpaka barabarani usiku mmoja kwa ajili hiyo.

Tende sikuipenda. Kila mtu ananiambia toa kokwa, tia kidonge mahali pake. Sawa, lakini nani anameza tende nzima? Utatafuna tu, na utakikuta.

Utotoni mwetu dawa ya malaria ilikuwa klorokwini, kabla ya Zanzibar kuhamia kwenye dawa za mseto mwaka 2003. Mama huyu huyu alikuwa akitupa kidonge, halafu embe bichi lililochovywa chumvi. Kidonge kikikwama, tulilia. Embe likifika, tulinyamaza. Nilidhani ni embe. Kijana wangu wa dukani anasema ni chumvi, chumvi hupunguza uchungu ulimini hata pale sukari inaposhindwa, ndiyo maana wengine hutia chembe ya chumvi kwenye kahawa kali. Nikamweleza mama. Akasema alijua. Sina hakika kama alijua, lakini si mtu wa kubishana naye.

Basi halua ya mzee wa Wete, kwa kazi ya dawa, naipa nyota nne. Inafunika uchungu kuliko kitu chochote nilichojaribu, haitoki mkononi vipande vipande, hiliki yake haikuzidi, na kikapu kinakaa wiki mbili bila ya kuharibika. Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Inanata kwenye meno, kwa hiyo msugue mtoto meno baadaye. Na haimfai mgonjwa wa sukari, ambaye ndani ya nyumba yangu ndiye aliyekuwa anaihitaji zaidi, na alilijua hilo, na halikumpendeza kuona mjukuu anapewa tonge na yeye anapewa ndimu.

Juzi nimerudi kutoka mezani nikamkuta amekaa juu ya mkeka, kikapu cha ukili magotini. Mkononi ana tonge la halua, amelibonyeza katikati, kidonge kimekaa humo, kimefunikwa vizuri kuliko ninavyofunika mimi, na samli juu yake.

"Mama, na sukari yako?"

"Hiki kidonge cha nini?"

"Cha sukari."

"Basi," akasema, na akakitia mdomoni.

Kikapu sasa kipo juu ya kabati.